Mchi wa Shakwe

Zama zile mji wa Shakwe ulipokuwa na ukuta wa mawe na mizinga miwili mibovu, alitawala Mwinyi Chande, mtu wa kilemba kikubwa na moyo mdogo. Adui walipouzingira mji miezi mitatu, alijitia ugonjwa akajifungia ghalani. Waliouokoa ni wanawake. Chakula kilipokwisha walitwanga vinu vitupu kutwa kucha, hata adui kule nje wakaambiana, "Hawa wana mtama wa mwaka mzima," wakakata tamaa wakaenda zao. Mmoja wao, mama wa mdarizi aitwaye Mize, alikufa kwa njaa, mchi ungali mkononi. Ndipo mji ukautia mchi mweusi kwenye bendera yake.

Mwaka wa pili wa amani, Mwinyi alimwita Mize barazani. Alivaa joho la bushuti na jambia lisilowahi kuchinja hata kuku.

"Wageni wananicheka kwa bendera ya jikoni," alisema. "Nidarizie upanga wa dhahabu, ule nilioupigania mji."

Mize alimtazama kuanzia kilemba hadi makubadhi. "Upanga huo nimeusikia, Mwinyi. Kuuona sikujaaliwa."

"Udarizi, ama uhame Shakwe!"

Kwa Mize, ukumbusho wa mama yake ulikuwa mchi ule tu. Akainamisha kichwa. "Inshallah, Mwinyi."

Siku ya Idi akaleta kitambaa cheupe. Katikati palikuwa na ala nyeusi ya upanga, nene huku na huku, imebanwa kiunoni. Mpini, ncha ya ala na kingo zake vyote vilikuwa vya njano ing'aayo.

"Dhahabu hasa!" Mwinyi alichekelea.

Wanawake waliumauma midomo. Uzi ule ulitiwa rangi kwa manjano, bizari ya mchuzi, na kila aliyewahi kufua anajua jua huifanya nini rangi hiyo. Mwinyi alifuliwa nguo tangu kuzaliwa.

Bendera ikapandishwa juu ya lango la mji, na mwezi haukuisha. Njano ilipauka ikapotelea kwenye weupe wa kitambaa, na juu ya lango ukabaki mchi mweusi. Mwinyi alifoka, lakini kumfukuza Mize kungemlazimu kukiri hadharani kwamba alidhani manjano ni dhahabu. Akaagiza bendera nyingine. Wajumbe wakapita nyumba kwa nyumba, na kila mwanamke akajibu kwa adabu kwamba sindano yake imepotea.

Mchi ulipepea Shakwe miaka na miaka. Upanga wa Mwinyi Chande hakuna aliyeuona, si kabla wala baada.