Msumari wa Dani

Nyumbani kwa kina Awuor, mtaani Migosi, chai ya asubuhi haikunywewa kabla haijapigwa picha. Simu yenye kamera nzuri ilikuwa ya mama, lakini kila mtu alijua mwenyewe hasa ni nani. Awuor, msichana wa Gredi ya Saba, alipiga picha mandazi, akapiga picha viatu vya shule, na alipopata nafasi alijirekodi akicheza densi na jirani yake Debra mpaka mama adai simu yake. Baba alimwita mpiga picha wa ukoo. Alisema kwa utani, lakini Awuor alilipokea jina hilo kwa uzito wote.

Kwa hivyo familia ilipokwenda Seme, kijijini kando ya ziwa, kusherehekea Krismasi kwa nyanya, ambaye wajukuu wote walimwita Dani, hakuna mwingine aliyehangaika kupiga picha. Laban, baba yake mdogo, alikuwa na simu mfukoni, lakini akasema kazi tumwachie fundi.

Mwaka huo Dani alikuwa na ombi moja. Kwenye ukuta wa sebule yake, kando ya picha ya marehemu babu, alikuwa amepigilia msumari mpya. Alitaka picha yake akiwa amewapakata wadogo wa Awuor, yaani Owiti wa miaka mitatu na Elsie ambaye bado alinyonya, itiwe kwenye fremu na kutundikwa hapo. Alisema babu ameukalia ukuta peke yake vya kutosha.

Baada ya chakula, Dani alivaa gauni lake la bluu la chama cha akina mama kanisani, akajifunga kitambaa cheupe kichwani, akaketi kwenye kiti nje ya mlango. Kuwatuliza watoto wadogo mbele ya kamera ni kama kuchunga kuku. Owiti, mdomo ungali na mchuzi, alikaa kidogo, akateleza, akamkimbilia mbuzi. Akarudishwa. Elsie akalia. Elsie aliponyamaza, Owiti akapokea zamu. Mama alipiga makofi nyuma ya Awuor, baba akabweka kama mbwa, na jua lilizidi kuwa kali. Mwishowe Dani mwenyewe alianza kuwaimbia polepole, kwa sauti ya kubembeleza. Owiti akamtazama usoni, Elsie akacheka, na Dani naye akacheka mpaka mwanya wake ukaonekana wote.

Awuor akabonyeza. Simu ikaandika kwamba imejaa na haiwezi kuhifadhi picha.

Alijua vizuri kilichoijaza. Asubuhi hiyohiyo alikuwa amejirekodi akicheza densi ufuoni mwa ziwa, video baada ya video, ili akamringie Debra. Kufuta kidogo tu kungetosha. Lakini angefuta mbele ya watu wote, mama angeuliza video hizo zote ni za nini, na Laban angemtania mpaka Pasaka.

"Awuor, nyathina, imetoka?" Dani aliuliza. Hivyo ndivyo alivyowaita wote, mtoto wangu, kwa Kijaluo.

"Imetoka, Dani. Imetoka vizuri sana."

Watu wakashusha pumzi, na Owiti akaachiliwa amfuate mbuzi wake. Dani alitaka kuiona picha. Awuor akamwambia kwamba kwa jua hilo kioo hakionyeshi kitu, ataiona ikishatiwa kwenye fremu. Siku hiyo Dani hakuuliza tena. Alimwamini.

Januari ilipoingia, kila Dani alipopiga simu aliulizia picha yake. Kwanza Awuor alisema iko studio. Halafu akasema mashine ya studio imeharibika. Uongo haukai peke yake, huita wenzake. Moyoni aliapa kwamba wakienda Seme wakati wa Pasaka atawapanga wote mahali palepale, apige picha ya kweli, na mambo yaishe kimya kimya. Video zote alikuwa ameshazifuta. Sasa nafasi ilikuwa tele.

Pasaka haikumkuta Dani. Mwezi wa Februari presha ilimpanda akiwa kanisani, wakamkimbiza hospitalini, na nyumbani hakurudi tena.

Awuor alilia mpaka sauti ikamkauka. Wote walilia, lakini kilio chake kilikuwa na mwiba ambao hakuna mwingine aliyeujua.

Jamaa walikusanyika Migosi kupanga mazishi. Kwao, jeneza hutanguliwa na picha kubwa ya marehemu, ikiwa imebebwa na mjukuu. Baba akasema kwa sauti nzito kwamba picha haina haja ya kutafutwa. Ile ya Krismasi ipo, mama yake akicheka na wajukuu mapajani. Awuor ataibeba, na baada ya mazishi itatundikwa kwenye msumari kama mwenyewe alivyotaka. Akamwomba Awuor ailete simu.

Awuor aliishika simu kwa mikono miwili. Angeweza kusema picha imepotea. Uongo huo ulikuwa umeshafika mdomoni. Kisha akamwona shangazi yake Dorca akifuta machozi na kusogea karibu, akingoja kuuona uso wa mama yake.

"Haipo," Awuor alisema. "Simu ilikuwa imejaa. Sikuipiga. Nilimdanganya Dani, na nikawadanganya nyinyi wote."

Hakuna aliyemgombeza. Baba alimtazama, akainuka, akatoka nje na kusimama akiwapa mgongo. Mabega yake yalitetemeka. Awuor hakuwahi kumwona baba yake akilia, na angeona heri apigwe kuliko kuyaona mabega yale.

Shangazi Dorca ndiye aliyepata njia. Alikwenda kanisani kule Seme, akina mama wakamtolea picha ya chama chao. Dani alikuwa mstari wa nyuma, hakucheka, macho yakitazama kando. Studio moja mjini ikamtoa hapo peke yake na kumkuza, lakini uso ukawa na ukungu kidogo. Siku ya mazishi Awuor aliibeba picha hiyo mbele ya jeneza, kwa sababu baba alisema mbebaji ni yeye bado. Njia nzima hakuweza kuitazama.

Jioni, wageni walipopungua, baba aliitundika picha kwenye msumari. Owiti akaja akasimama chini yake. Alikuwa bado anakikumbuka kiti, wimbo, na baba akibweka. Akanyoosha kidole.

"Mimi niko wapi?"

Mama alikuwa akitafuta la kumwambia, lakini Awuor alitangulia kupiga magoti mbele ya mdogo wake.

"Hupo hapo, Owiti. Ulikuwa mapajani mwa Dani, na alikuwa akicheka kwa sababu yako. Mimi sikuipiga hiyo picha."

"Basi piga sasa," Owiti akasema.

Awuor akafunika uso akalia. Baba alikuja akaketi sakafuni karibu naye, akamwacha alie mpaka akatulia.

"Leo umesema ukweli, tena kwa mtoto ambaye ungeweza kumdanganya kwa urahisi," baba alisema. "Nimekuona, na nimekusamehe. Dani pia angekusamehe. Lakini usiisahau siku hii. Simu kujaa halikuwa kosa kubwa, neno moja lingelimaliza. Tungekucheka kidogo, ungefuta video zako, ungepiga. Ukweli usiuwekee siku, useme anayestahili kuusikia akiwa bado yuko mbele yako."

Akautazama ukuta.

"Angekungoja, mwanangu. Alikuwa ameketi."