Nati Zilizokazwa Asubuhi

Jua lilikuwa limeinamia upande wa Uganda Barnabas Okwara alipotoka na nyundo yake ya shaba, kwenda kukaza nati alizozikaza Jumatatu. Na Jumanne. Na Jumatano.

"Haki ya Mungu," alisema peke yake, "hata punda huchoka."

Barnabas alikuwa fundi wa malori pale Burumba, mtaa wa mpakani, na hakuna dereva wa Malaba aliyekuwa hajamwachia gari lake. Miaka ishirini ya kazi, leo anasumbuliwa na kigari cha watu wanne! Lilikuwa gari la Kiingereza la miaka ya hamsini, magurudumu ya spoku kama ya baiskeli, na kila gurudumu likishikwa na nati moja tu katikati, kubwa, yenye masikio mawili. Hakuna spana. Unapiga sikio kwa nyundo ya shaba mpaka likaze, basi.

Mwenyewe alikuwa Phanuel Opolot, ajenti wa kupitisha mizigo forodhani Malaba. Alilinunua mwaka jana, mwaka wa sabini na mbili, kutoka kwa mzee mmoja wa Tororo aliyekuwa akiondoka kwa haraka. Jumamosi hii Phanuel angemwoa Roselyn, binti pekee wa Barnabas, na gari hilo ndilo lingempeleka bibi harusi kanisani. Gurudumu lingechomoka mlimani na Roselyn ndani... Barnabas hakutaka kulimaliza wazo hilo.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Wiki hii ya harusi Phanuel alienda kazini Malaba asubuhi, akarudi jioni, akaliacha gari hapo kwa baba mkwe. Kila jioni nati zote nne zilikuwa zimelegea. Barnabas aliliinua gari kwa jeki, akazifungua, akasafisha meno ya habu, kitovu cha gurudumu, akapaka grisi, akapiga.

Ko... ko... ko...

Lakini kilichomkera zaidi kilikuwa cha asubuhi. Kila alipoamka kuzikagua, alizikuta zimekazwa kuliko alivyoziacha. Zimebana kabisa, hata nyundo hazisikii.

"Chuma hubana kwa baridi," alijiambia. Halafu akajichukia kwa kusema uongo ambao hata tanboi wa kupakia lori asingeukubali.

Ijumaa saa sita mchana Phanuel alirudi mapema, nati mbili zikiwa karibu kudondoka. Barnabas alitaka kumfokea mtu, yeyote yule. Lakini mkwe hafokewi.

"Mkwe, unaendesha vipi hili gari?"

"Polepole, baba. Kama nimebeba mayai."

"Ingia. Hatua kumi mbele, usimame."

Barnabas alichora mstari wa chaki, nusu kwenye nati, nusu kwenye gurudumu. Gari likaenda mbele. Mstari ukaachana kidogo. Nati ilikuwa imefunguka.

"Sasa rivasi."

Gari likarudi. Mstari ukakutana tena.

Barnabas aliketi chini kwenye vumbi. Joto la aibu lilimpanda mpaka masikioni. Ni yeye! Jumapili iliyopita, alipobadilisha beringi, aliona nati za kushoto zinafungwa kwa kuzungushwa kulia, kama nati ya kawaida. Kwenye malori ya Kiingereza nati za kushoto hufungwa kinyume, kila fundi wa mpakani anajua hilo hata akiwa usingizini. Akasema aliyefunga hizi alikuwa mlevi, akahamisha habu za kushoto kulia, na za kulia kushoto. Kumbe nati moja ya katikati haifuati sheria ya lori. Alikuwa amelifanya gari lijifungue likienda mbele, na lijikaze likirudi nyuma.

"Nimekosa mimi, mkwe," alisema. "Mimi na ujuaji wangu."

Phanuel alicheka kwa adabu. "Afadhali ni hivyo, baba. Nilishaanza kuogopa. Yule mzee wa Tororo aliniambia lisilazwe kamwe bila mkia kugusa ukuta. Hakusema kwa nini. Alinishika mkono akaniambia mara tatu."

"Mzee gani tena! Nina habu nne za kushusha hapa, unaniletea hadithi."

Alizirudisha habu mahali pake. Jioni alipopiga nyundo ya mwisho alikuwa amechoka, lakini moyo ulikuwa mwepesi. Alijaribu kwa chaki. Mbele, ikakaza. Safi! Akaliingiza gari uani, pua ukutani kama kila jioni, kwa sababu taa ilikuwa upande wa pili naye alitaka kukagua tairi za nyuma. Funguo akaziweka chini ya mto wake. Alilala usingizi mzito ambao hakuupata wiki nzima.

Alfajiri ya harusi alitoka na nyundo, kwa mazoea tu.

Nati ya kwanza ilizunguka kwa kidole.

Ya pili pia. Ya tatu pia. Ya nne ilikuwa chini kwenye majani.

Akagusa boneti. Baridi, imejaa umande. Akagusa habu... akauondoa mkono haraka. Moto! Zilikuwa zinanuka grisi iliyoungua. Akazunguka nyuma. Kwenye bampa kulikuwa na mabua ya mtama yamenasa, mabichi, na uani kwake hakukuwa na mtama.

Mbele hukaza. Rivasi hufungua. Barnabas aliipiga hesabu hiyo mara mbili. Usiku gari lilikuwa limekwenda kinyumenyume, njia ndefu. Na zile asubuhi zote zilizopita, habu zikiwa bado kinyume, nati zilipokuwa zimekazwa kuliko nguvu za mtu...

"Baba?"

Roselyn alisimama mlangoni, khanga mabegani, akijisugua shingo.

"Mbona umeamka?"

"Sijalala vizuri. Hii ndoto imenichosha, wiki nzima hiyo hiyo. Niko kwenye gari la Phanuel, kiti cha nyuma. Barabara naiona mbele yangu, lakini inaniacha, inaenda mbali. Na dereva amenigeukia. Ameweka mkono juu ya kiti, ananiangalia mimi tu."

Barnabas aliujua mkao huo. Dereva yeyote anayerudi rivasi hukaa hivyo.

"Dereva gani?" alinong'ona.

"Simjui. Namwambia angalia mbele, anatabasamu."

"Roselyn. Leo utaenda kanisani kwa miguu."

"Baba! Maili mbili? Na gauni jeupe? Wakwe watasema nini?"

"Waseme." Alikuwa ameshazikusanya nati zote nne, amezifunga kwenye kitambaa cha grisi. Alikwenda moja kwa moja hadi chooni nyuma ya nyumba, akazitumbukiza shimoni. Zilichukua muda kufika chini. Alirudi anahema, na hasira aliyoibeba wiki nzima ilimtoka pamoja na machozi. Roselyn aliogopa, kwa maana hakuwahi kumwona baba yake akilia.

"Ni ndoto tu, baba," alisema kwa sauti ya kumbembeleza. "Hata hakunifanyia ubaya. Usiku huu alikasirika kidogo, lakini si kwangu."

"Alikasirikia nini?"

"Alisema tulikuwa tufike usiku huu. Njia ilikuwa imebaki kidogo sana. Halafu magurudumu yakaanza kucheza, ikabidi anirudishe, kinyumenyume vilevile." Akapiga miayo. "Akasema kuna fundi amemharibia kazi. Akaniuliza fundi huyo ni nani."

Barnabas alimshika mabega.

"Ukamwambia?"

"Aliuliza kwa upole, baba. Nikamwambia jina lako, na mahali unapolala."