Aliuza Shamba ya Gaston

Siku Faradji alipokutana na Régina, alipigwa mchi. Haukuwa umekusudiwa yeye, lakini kichwa kilikuwa chake.

Ilikuwa sokoni Kasongo, mchana, watu wamejaa hadi njiani. Pikipiki ya abiria iliteleza ikagonga beseni la mafuta ya mawese, na mafuta yakatapakaa mekundu mpaka kwenye mafungu ya samaki wa Nyangwe. Kabla dereva hajainuka, watu walikwisha kumzunguka. Ngumi zikaanza, kisha mateke, kisha mmoja akaokota tofali. Nusu yao hata hawakujua amekosa nini.

Mwenye mafuta alikuwa msichana wa Wamaza, upande wa Kabambare. Alikuwa mrefu, amejifunga kitenge cha njano chenye picha za ndege, kilemba kimekaa upande. Alijitosa katikati ya kundi akiwa na mchi mpya mkononi.

"Mafuta iko yangu!" alipiga kelele. "Hasira iko ya nani? Huyu mutu akifa, mafuta itarudi mu beseni?"

Faradji, fundi wa kompyuta mwenye kibanda cha kuchaji simu nyuma ya soko, naye alikuwa ameingia kumkinga dereva. Aliinua mkono kulizuia tofali. Régina aliona mkono ulioinuliwa, akajua amempata mmoja wao, na mchi ukatua juu ya sikio la Faradji.

"Weye!" Faradji aliyumba, damu inamtiririka shingoni. "Nilikuwa namuokoa!"

"Ungesema!"

"Nilisema!"

"Ungesema na nguvu."

Katika kubishana kwao dereva alipata upenyo akakimbia, na kundi likabaki halina wa kumpiga. Régina alifungua kilemba, akakichana kipande, akamfunga yule kijana kichwa kwa mikono iliyonuka mawese. Hapo ndipo Faradji alipokwisha. Wengine hunaswa kwa marashi na macho malegevu, yeye alinaswa hivyo, ana jeraha na amekasirika.

Jioni simu yake ililia.

"Sikio iko aje?"

"Linasikia sauti yako tu."

"Basi limeharibika kabisa," alisema Régina, akacheka, na toka siku hiyo simu hazikukatika.

Régina alikuwa akikaa Kasongo kwa shangazi yake, akiuza mafuta na karanga. Alasiri alikuwa anapita kwenye kibanda, anaegemea meza, anakula karanga zake mwenyewe na kumtania Faradji aliyeinamia kompyuta inayotumia umeme wa jua. Mama Djamila, mama yake Faradji, alikuwa anawaona kutoka ng'ambo ya ua na kununa. Msichana Mkristo, wa porini, tena mpiga watu! Lakini alikuwa anamwekea sahani.

Kazi iliyompa Faradji usingizi mchache ilikuwa Barza. Ulikuwa ukurasa wa habari wa mtandaoni aliouunda mwenyewe: mtu yeyote wa Kasongo au Kabambare aliandika habari, na mtu yeyote mwingine aliweza kuifungua, kuongeza, kufuta kosa. Habari ya daraja lililovunjika ilianza na mistari miwili ya mtu mmoja, kufika jioni imeandikwa na kijiji kizima.

"Sasa nataka wasomaji watoe maoni chini ya kila habari," alimwambia Régina. "Nifanye namna gani? Maoni yakae ndani ya ukurasa, kila mtu aweze kuyasahihisha kama habari yenyewe, ao yakae pembeni, yawe ya mwenyewe?"

"Ya mwenyewe." Régina hakuinua hata macho. "Sauti ya mutu haiguswe."

"Lakini watu wanaandika vibaya, sheri wangu! Utakuta mtu anaandika 'shamba ya', 'mutoto ya'..."

"Kama miye."

"Kama weye. Weye nitakusahihisha bure."

"Na miye nitakupatia mchi bure."

Walicheka. Faradji akayaacha maoni ndani ya ukurasa, kwa sababu ilikuwa kazi rahisi, na kwa sababu alikuwa na ugonjwa wake: alilelewa na babu aliyejivunia Kiswahili cha mji, na kosa la lugha lilimwasha mwilini mpaka alikune.

Wakati huo Wamaza ilikuwa inachemka. Gaston, mfanyabiashara mwenye mashine za kuchimba dhahabu, alikuwa amejipatia mashamba ya ukoo wa Régina moja baada ya jingine, na vijana walikwisha kuichoma mashine yake moja na kumvunja mlinzi mguu. Kisha Alain, kaka yake Régina, alionekana akipeana mkono na Gaston. Uvumi ukaenea kwamba ameusaliti ukoo. Kumbe Alain alikuwa amelirudisha shamba lenye makaburi ya wazee. Alilinunua kwa Gaston, akalilipia kwa mbuzi wake wote.

Mtu mmoja aliandika habari hiyo ya mashamba kwenye Barza. Asubuhi Régina akaweka maoni yake chini, kumsafisha kaka yake. Aliandika: "Yaya Alain si mwizi. Aliuza shamba ya Gaston mbele ya wazee. Régina."

Faradji, asiyejua lolote la mbuzi wale, aliyasoma akakunja uso. Aliuza shamba ya Gaston? Kuuza shamba la mtu mwingine si ndio wizi wenyewe? Maskini mpenzi wangu, alijisemea, anamtetea kaka yake na huku anamfunga. Bila shaka alitaka kusema Gaston ndiye aliyeuziwa shamba. Akafuta, akaandika vizuri: "Yaya Alain si mwizi. Alimuuzia Gaston shamba mbele ya wazee." Jina la Régina akaliacha palepale chini. Akaenda kula, moyo umetulia.

Vijana wa Wamaza walikuwa wamesoma ya asubuhi wakafurahi. Jioni walisoma ya pili.

Walimtoa Alain nyumbani kwake akiwa na kijiko mkononi. Walimpiga kwa mipini ya majembe mpaka mipini miwili ikavunjika. Alipokinga kichwa, panga likapita kwenye mkono wa kulia, juu kidogo ya kiwiko, likafika mfupani. Mke wake alijilaza juu yake akapigwa naye. Nyumba ikatiwa moto na mahindi ya mbegu ndani. Aliyewaongoza alikuwa Dominique, aliyekua na Alain wakilala mkeka mmoja, na alikuwa analia huku anapiga.

Kesho yake mlango wa kibanda cha Faradji ulifunguliwa kwa teke.

"Yaya amenipigia," alisema Régina. Kitenge chake kilikuwa kimefungwa ovyo na macho yamevimba. "Ameniambia, 'Régina, umeniua na jina yako.' Nani aliandika na jina yangu? Nani?"

"Sheri, tulia..."

Alikwapua simu za watu zilizokuwa zinachajiwa, akazirusha ukutani moja baada ya nyingine. Kioo kilimpasua kidole, hakujali.

"Miye niliandika aliuza shamba ya Gaston!"

"Lakini Régina, kuuza shamba la mtu... ni wizi. Nilidhani..."

Alijishika mdomo, amechelewa. Régina aliishusha simu aliyokuwa ameiinua.

"Ulidhani? Ni weye?"

"Nilisahihisha tu."

"Mutu akienda ku duka akarudi na chumvi, amefanya nini?"

"Amenunua chumvi."

"Ameuza chumvi! Kwetu ameuza chumvi! Ile ya kutoa kitu kwa mwingine ni kuuzisha! Yaya aliuza shamba, aliirudisha kwetu! Na weye ukaandika alimuuzia Gaston. Wa kwenu wanasoma ametoa shamba, wa kwetu wanasoma alikuwa mutumishi ya Gaston, alimuuzia Gaston, ni kusema alimununulia. Hakuna mahali umeacha ambapo yaya anapona!"

Alimpiga kofi, akampiga la pili, na Faradji hakuinua mkono safari hii. Kisha Régina alitoka, akapanda pikipiki ya kwanza aliyoikuta, akaenda zake Wamaza.

Faradji alimpigia mpaka simu yake ikaisha moto. Alipoichaji akapiga tena, Régina akapokea.

"Régina, nisamehe. Nimefuta yale maneno, nimeandika kwamba..."

"Unaandika." Nyuma yake mtu alikuwa anaugua kwa sauti. "Watu wako na mapanga, weye unaandika. Hapa rezo ya simu inakuja, inapotea. Wanasema kesho wanarudi kumumaliza. Kama uko na kinywa, ukilete."

Akakata.

Mama Djamila alisimama mlangoni, ameushika mtandio wake kwa mikono miwili. "Huendi. Watakukata kama kuku, mwanangu. Huyo msichana ameshakupasua kichwa mara moja, haitoshi?"

"Mama, aliyekatwa alikatwa na mkono wangu."

"Wako ulishika panga?"

"Ulishika zaidi ya panga," alisema Faradji, na akaogopa sana kwa sababu ilikuwa kweli.

Njia ya Wamaza ilimtesa. Pikipiki iliwaangusha mtoni, akachubuka magoti, akaendelea kwa miguu sehemu ambazo dereva alikataa. Alipofika, moshi wa nyumba ya Alain ulikuwa bado unanuka. Chini ya paa la majirani Alain alilala, mkono umefungwa kwa vitambaa vilivyolowa, na nje vijana walikuwa wanakuja, mapanga wazi.

Faradji alisimama katikati ya njia.

"Miye ndiye niliyeandika!" alipaza sauti. "Maneno ya jioni si ya Régina! Ni yangu!"

Dominique alimfikia wa kwanza, akampiga na ubapa wa panga shavuni. Jino lilitoka pamoja na damu. Wengine wakamwangusha. Teke la mbavu, teke la mgongo, mpini ukamshukia begani. Alijikunja lakini hakufunga mdomo.

"Asubuhi ulisoma nini?" alimuuliza Dominique kutoka chini. "Ulisoma nini?"

"Alain aliuza shamba ya Gaston! Tulifurahi! Kisha dada yake akageuza!"

"Hakugeuza yeye! Niligeuza miye, mtu wa Kasongo! Kwetu kuuza ni kutoa! Sikujua kwamba kwenu ni kupata! Niliona kosa, nikasahihisha!" Alitema damu. "Lile halikuwa kosa. Alain alilirudisha shamba lenu!"

"Uongo!" mmoja alisema, akainua panga juu, na panga hilo halikuwa la ubapa.

Lilishuka. Lilikata ukingo wa sikio la Faradji, lilelile la sokoni, na lingeendelea shingoni kama mchi usingekutana na mkono uliolishika. Mfupa ulisikika. Panga lilianguka vumbini, na Régina akasimama juu ya mpenzi wake, miguu huku na huku, mchi umeinuliwa tena.

"Nani mwingine?" alisema. "Dominique, njoo. Yaya alikubeba mugongoni ukiwa na homa. Njoo umumalize, lakini uanzie kwangu."

Hakuna aliyekwenda. Dominique alimtazama Faradji, akatazama panga lake mwenyewe, na midomo yake ikawa inarudia polepole maneno ya asubuhi, aliuza shamba, aliuza shamba. Kisha alikaa chini palepale njiani akaanza kupiga ardhi kwa ngumi na kulia kwa sauti, "Alain, ndugu yangu, nimefanya nini," mpaka Alain akamwita kutoka ndani.

"Safari hii ulisema na nguvu," Régina alimwambia Faradji alipokuwa akimfunga sikio. Kisha akaona mkono wa kaka yake kupitia mlangoni, akaacha kumfunga.

Mkono wa Alain ulipona, lakini vidole havikufunga tena. Hatalishika jembe nao maisha yake yote. Faradji alibaki Wamaza mpaka nyumba ya Alain ikasimama, akikanyaga udongo bega kwa bega na Dominique, na Régina alikuwa anamletea chakula, anakiweka chini na kuondoka. Siku ya kuondoka Faradji alijikaza.

"Régina, nataka kukuoa. Najua siwezi kulipa huu mkono."

"Huwezi."

"Basi unasema nini?"

"Weye umesema mbele ya watu," alijibu Régina. "Na miye nitajibu mbele ya watu. Tengeneza kwanza mahali pa kusemea."

Faradji alirudi Kasongo, akavunja kazi yake yote akaanza upya. Maoni aliyatoa ndani ya ukurasa akayaweka pembeni, kila moja na mwenyewe. Habari watu wataendelea kuisahihisha pamoja, lakini maoni ya mtu ni yeye peke yake atakayeyagusa, na akiyabadilisha, wote wataona kwamba amebadilisha. Msimamizi hana ufunguo. Alijifungia nje mwenyewe. Kisha akaandika habari ya kwanza, jinsi alivyomkatisha Alain mkono kwa kupenda Kiswahili kizuri, akaweka jina lake na la baba yake.

Alikuwa anakunywa chai na mama yake simu ilipolia. Maoni ya kwanza yalikuwa yameingia. Mama Djamila aliivuta simu, akasoma, akaiachia sahani ianguke.

"Ya Rabi! Faradji! Mwanamke wako amekuuza!"

Faradji alisoma. "Huyu mutu Faradji nimemuuza. Iko wangu. Musimuguse. Régina."

Alicheka mpaka mbavu zikamkumbusha mateke, akaendelea kucheka, machozi yanamtoka. Mama yake alimtingisha bega.

"Unacheka nini? Mji mzima unasoma! Haraka, isahihishe!"

"Siwezi, Mama," alisema Faradji, akifuta macho. "Hata miye siwezi."