Jensen ya Kijani Yauzwa Ujiji

"Mgeni amelala Kidahwe. Ingia wewe."

Sauti ya askari Nikodemu ilikatika. Aikande Mmari, mpelelezi wa polisi, akaisukuma redio yake ya Motorola chini ya kanga mkobani mwake, akashuka mteremko wa Ujiji.

Alilielewa agizo. Mnunuzi wa gari alikuwa amekamatwa kwenye kizuizi cha barabarani Kidahwe asubuhi ile. Sasa mnunuzi ni yeye.

Gari lenyewe lilikuwa limeegeshwa uani kwa Delvaux, Mbelgiji aliyezeekea ng'ambo ya ziwa. Jensen Interceptor ya mwaka sabini na moja, gari la Kiingereza, kijani cha chupa, limefufuliwa mpaka nati ya mwisho. Viti vya ngozi mpya. Kromu ya kujitazamia. Tangazo la kuliuza lilikuwa limetoka gazetini.

Nani ananunua gari kama hilo Kigoma, mwaka wa tisini na sita, barabara zote zikiwa tope na malori ya wakimbizi?

Ndilo swali lililomleta Aikande kutoka Dar.

"Wewe ndiye mtu wa Kasulu?" Delvaux aliuliza. "Mi nilingojea mwanaume."

"Mwanaume anaumwa. Nipe ufunguo nilijaribu."

Alimkazia macho. Kisha akacheka, akampa.

Injini ya silinda nane ilinguruma. Walipita Buzebazeba, wakapanda kuelekea Gungu. Gari lilionekana tupu, lakini kila shimo liligusa tumbo lake.

"Zito," Aikande alisema.

"Iko na mzigo yote. Bastola milangoni. Mabomu ya mkono chini ya kiti ya nyuma."

"Naupeleka wapi?"

"Kibirizi, kwenye vichanja vya dagaa. Boti ya bluu. Itashusha karibu na kambi ya wakimbizi."

Mkono wake wa kushoto ulikuwa mkobani, kama mtu anayetafuta leso. Kidole kilikuwa kimebana kitufe cha Motorola, Nikodemu akisikia yote. Alikiachia.

Wiki mbili nyuma, bomu la mkono lilirushwa ndani ya lori la wakimbizi. Aikande ndiye aliyemshusha Leonia, mama wa Kirundi, akiwa bado amemkumbatia mwanawe. Wote wawili walikuwa wamekufa. Hasira ya siku ile haikumtoka. Alikula nayo, akalala nayo.

"Hao watu wamekimbia vita," alisema polepole. "Unawafuata nayo mpaka huku?"

Delvaux aliinua mabega. "Wataacha lini kuuana? Nisipouza mimi, watatumia panga."

Mkoba ukakoroma kwa sauti ya Nikodemu.

"Kibirizi, boti ya bluu. Tunakwenda."

Aikande alikuwa amesahau kupunguza sauti ya redio.

Bastola ya Delvaux, Browning, ilikuwa tayari ubavuni mwa Aikande.

"Simamisha," Delvaux alisema.

"Hapa?"

"Hapa."

Aikande alikuwa amefunga mkanda. Delvaux hakuwa amefunga.

Aikande alikanyaga mafuta mpaka sakafuni. Jensen ikaruka. Kisha akakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Risasi ilitoboa paa. Paji la Delvaux likapiga kioo, kikapasuka nyufa kama utando wa buibui. Browning ilianguka miguuni pa Aikande. Aliiokota, akamchomeka Delvaux mdomo wa bastola chini ya kidevu.

Kidole kilitaka. Mungu anajua kilivyotaka.

"Shuka," alisema.

Alimfunga pingu kwenye nguzo ya simu, mchana kweupe, watu wa Gungu wakikusanyika.

Motorola ikakoroma tena. "Boti tunayo. Watu watano. Hakuna aliyeumia."

"Njoo mchukue Mzungu wako."

Nikodemu alifika na Land Rover, uso wake haukuwa wa ushindi.

"Dada Aikande, Mkuu wa polisi kapiga simu. Anasema gari lisikwaruzwe. Kuna mkubwa serikalini amelipenda."

"Amelipenda?"

"Ndivyo alivyosema. Mzigo utolewe kwa utaratibu."

Aikande alikwenda nyuma ya Land Rover, akarudi na mtaimbo. Aliupachika kwenye mlango wa dereva, akavuta kwa nguvu zake zote. Ngozi ilichanika. Bastola zikamwagika barabarani zikiwa bado na grisi.

Akahamia mlango wa pili. Kisha kiti cha nyuma, taratibu, maana kile kilikuwa cha mabomu.

Alipomaliza, lilibaki bodi la kijani na matumbo nje.

"Nimwambie nini Mkuu?" Nikodemu aliuliza.

"Mwambie nimetoa mzigo."

Alimkabidhi mtaimbo, akajitanda kanga yake, akashika njia ya stesheni ya reli kwa miguu.