Mhusika wa Kuazima

Kila alfajiri Arwa aliamka kuchota maji. Nyumba yao ya mtaa wa Malindi, Mji Mkongwe, ilikuwa na mabomba, lakini yalikuwa yamekauka tangu Ramadhani na hakuna aliyekuja kuyatazama. Tangu mama yake afariki, kazi hiyo ilikuwa yake na baba yake, Bwana Sleiman. Ndoo moja ilikuwa yao. Nyingine ilikuwa ya Bi Salhiya, jirani wa ghorofa ya juu, ambaye magoti hayakumruhusu kushuka ngazi.

"Wakubwa wa serikali kazi yao kuahidi," Baba alinung'unika. "Kwao maji hayakatiki. Haya, mpandishie Bi Salhiya ndoo yake."

Jioni Arwa aliazima simu ya Baba. Yeye na wenzake wa skuli walikuwa na mchezo wa kuigiza kwa maandishi katika kundi lao la simu. Kila mmoja alibuni mhusika, akaandika anachosema na anachofanya, na wenzake wakamjibu. Mhusika wa Arwa aliitwa Malika. Alikuwa mzuri, jasiri, na hakukosea hata mara moja.

"Malika wako anachosha," aliandika Junaid. "Kila mtego anautegua yeye. Sisi tukae tupige makofi?"

"Mpe ila, japo kasoro moja," Mitali akaongeza. "Nani hana ila? Ukishindwa, kesho tunaendelea bila wewe."

Arwa aliumia. Mbali na kundi lile, hakuwa na raha nyingine. Ila ataipata wapi?

Akamkumbuka Bi Salhiya. Siku moja alimkuta akizungumza kwenye simu na mwanawe aliyeko Maskati. "Naam, mwanangu, nshakula." Kumbe simu ilikuwa imezimika. Bi Salhiya alimshika mkono. "Hanipigii siku hizi. Majirani nawaambia anapiga kila siku. Nisitiri, mwanangu." Arwa akaahidi.

Sasa akaandika yote: bibi wa ghorofani, magoti, Maskati, simu iliyozimika. Alibadilisha jina tu, akamwita Bi Nargisi.

"Huyu ndiye mtu hasa!" Mitali aliandika, na kundi zima likacheka.

Lakini Mji Mkongwe nyumba zimegusana. Junaid alimsomea mama yake, na mama akamtambua bibi mara moja, akawasimulia majirani. Kesho yake wanawake waliitana madirishani, "Maskati wamepiga leo?" Bi Salhiya alisikia kila neno.

Arwa alipompelekea maji, mlango haukufunguliwa.

"Rudi nayo," sauti ilisema kutoka ndani. "Sitaki kitu chako."

Alishuka akilia, akamweleza Baba. Bwana Sleiman alikaa kwenye ngazi kama mtu aliyebeba gunia siku nzima.

"Kutwa nawasema wakubwa, kwamba tuliwaamini wakatutupa," alisema. "Kumbe na nyumbani kwangu yumo aliyeaminiwa akafanya yaleyale. Ila za kuandika unazo mwenyewe, Arwa, tele. Siri ya mwenzako ni amana, hata ukiibadilisha jina. Kaseme kosa lako."

Arwa alimfuta Bi Nargisi, akaliomba kundi radhi. Kisha akaandika mhusika mpya: msichana aliyeambiwa siri, akaitoa ili wenzake wasimwache. Junaid akaandika, "Huyu tutacheza naye. Na mimi nitamwambia mama aache."

Arwa akapanda, akabisha. "Shikamoo, Bi Salhiya. Aliyekosa ni mimi."

"Marahaba." Komeo likavutwa. Macho ya bibi yalikuwa mekundu. Arwa alimweleza kila kitu, na habari za yule msichana mpya.

"Huyo msichana wako, kaomba radhi?"

"Kaomba, Bi."

"Kasamehewa?"

"Sijafika hapo."

Bi Salhiya akamsogezea kigoda.

"Andika kasamehewa," alisema. "Lakini andika pia kwamba haikuwa siku ileile. Anayetoa siri ya mtu kwa dakika moja huchukua muda mrefu kuaminiwa tena. Usiwadanganye wenzako kwamba ni jambo jepesi."