Maua Chini ya Mparachichi

Jirani, mama Salome, anadai aliona kwa macho yake: Otilia aliingia uani kwa Mboje, akashika jembe, akayalima maua kwa wivu, akidhani yamepandwa na mwanamke mwingine. Mtaa wa Majengo ukaimeza habari hiyo. Kibaya zaidi, Mboje naye akaimeza.

Otilia na Mboje walikutana sokoni, miaka ile mitumba ilipoanza kumwagika Sumbawanga. Otilia, kitenge kimembana kiunoni, alikuwa akipekua magauni.

"Dada, hilo gauni limekupenda," alisema Mboje, muuzaji.

"Limenipenda lenyewe, au mwenyewe?"

Mboje alicheka mpaka akasahau wateja.

Siku ya jembe, ukweli ni huu. Otilia alikwenda kumtembelea, akamkosa. Chini ya mparachichi, kwenye kivuli ambako hata mchicha hukataa kuota, akakuta majani ya porini yametambaa kila mahali. Hakuona ua hata moja, kwani ilikuwa alasiri, na maua yale hujifunga mchana. Akaona ni magugu. Akataka mpenzi wake arudi akute bustani imelimwa: akayafukia majani chini ya matuta ya duara, kama Wafipa wenzake wanavyolima kijijini kwao Mwazye. Mboje, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma, aliporudi aliona makaburi tu.

"Niliyatoa mtoni, kichipukizi kwa kichipukizi, uje uyaone," alimwambia kwa simu ya duka lililo jirani na kwa shangazi yake Otilia, alikokuwa akiishi. "Ungeuliza kwanza, kuliko kuona wivu."

"Wivu? Nani kakwambia?"

Mboje akakata simu.

Mvua zilipokolea, simu ya dukani ikalia tena.

"Otilia, mpenzi. Njoo asubuhi. Usiulize."

Akaenda. Alipopita kona ya nyumba, akasimama ghafla. Matuta yote yalikuwa buluu. Kila kipande alichokifukia kilikuwa kimeota mizizi, kikatoboa udongo, kikatambaa hadi kwenye shina la mparachichi. Na kila ua dogo lilisimamisha masikio mawili, kama ya panya.

"Niliamini maneno ya jirani," alisema Mboje, kofia mkononi. "Kumbe hukuyang'oa kwa wivu; uliyalimia matuta, yakaongezeka. Nisamehe. Niruhusu nije kwenu Mwazye, nimwone baba."

Otilia alikuwa ameshavua kandambili. Alichuchumaa pembeni, akiogopa kukanyaga. Mbele yake ua lililojikunja lilianza kufunguka, taratibu, bila kuguswa na mtu.

"Nyamaza kidogo, Mboje," alinong'ona.

Mboje akachuchumaa kando yake, akasubiri.