Kesho ya Fundi Sitara

Sitara alikuwa fundi cherehani Kariakoo. Kwenye kibaraza chake alikuwa na cherehani, mkasi na neno moja la Kiingereza. Neno lenyewe ni "tomorrow", yaani kesho.

Lilimtosha. Wateja wa mjini wanaijua kesho ya fundi. Ukiambiwa kesho, unarudi wiki ijayo, unakuta hata kitambaa hakijakatwa. Mnacheka, unaambiwa kesho tena. Si uongo ule, ni adabu. Nani atamtazama mteja machoni amwambie "bado sana"?

Lakini Candida alikuwa mgeni kutoka Lusaka. Aliagiza foronya arobaini za kitenge kwa nyumba yake ya wageni. Jumatatu aliambiwa "tomorrow". Jumanne asubuhi akaja, akaambiwa "tomorrow". Akaondoka zake. Mchana akatuma ujumbe wa Kiingereza.

Sitara akamwonyesha simu Haruna, fundi wa cherehani ya pili.

"Umeandikiwa kirefu," Haruna akasema. "Kirefu hivi si salamu."

"Nipishe huko."

Akapanda ngazi kwa Champaben, mwalimu mstaafu aliyekaa ghorofa ya juu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Vua viatu, nimepiga deki." Champaben akavaa miwani, akasoma. "Anasema Ijumaa alfajiri anapanda basi. Alhamisi saa sita mchana anafunga mizigo. Anataka siku ya kweli. Asipoipata leo, ananunua kwingine."

Sitara akaketi chini. Foronya kumi na mbili zilikuwa tayari. Vitambaa vya ishirini na nane keshavikata vyote. Nani mwingine angevitaka?

"Mwandikie 'tomorrow'," akasema kwa sauti ndogo.

"Kesho yako wewe ni neno la pole. Kwake yeye ni Jumatano. Utamaliza lini hasa?"

"Inshallah tu, Mwalimu."

"Inshallah sema, mwanangu, ni haki yako. Kisha mtajie mtu siku."

Sitara akahesabu kwa vidole. "Leo sita. Kesho kumi na nane. Alhamisi asubuhi nne za mwisho."

"Hiyo sasa ni kesho yenye kazi ndani yake," Champaben akasema. "Sikiliza. Ukishapanga, kama ulivyopanga hapa, sema: 'I am going to finish on Thursday.' Nimepanga kumaliza Alhamisi. Ukitoa ahadi, sema: 'I will call you.' Nitakupigia. Na ukitaka alale usingizi, mwambie: 'By ten o'clock on Thursday, I will have finished.'"

"Ndiyo nini?"

"Itakapofika saa nne Alhamisi, nitakuwa nimemaliza. Unakwenda mpaka Alhamisi, unasimama pale, unageuka nyuma, unaiona kazi imekwisha."

Vinyweleo vikamsimama Sitara. "Mtu anasimama kwenye siku ambayo hajaifikia?"

"Na Kiswahili chako kinasema hivyo hivyo. Umekisema tangu utotoni, hukukisikia."

"Nitakuwa nimemaliza," Sitara akasema polepole, kama anayeonja sharubati ya mwenzake. Kisha akakunja uso. "Lakini saa nne si ni 'four'?"

"Saa yao huanza kuhesabiwa usiku wa manane. Saa nne yetu ya asubuhi kwao ni 'ten'. Ukiandika 'four', atakuja saa kumi jioni, mizigo keshafunga."

Sitara akaandika mwenyewe, herufi moja moja. Akatuma. Akashuka, akashona.

Jumatano hakuinua kichwa. Haruna alimletea chai, ikapoa.

"Unashonea ikulu?" Haruna akamtania.

"Nashonea Alhamisi."

Alhamisi saa tatu na nusu akakata uzi wa foronya ya arobaini. Saa nne kasoro dakika tano Candida akatokea upande wa Mnazi Mmoja, akipenya katikati ya mikokoteni. Sitara akasimama. Alimtazama mwanamke yule akimjia, siku ile ile, saa ile ile aliyoiandika kwa kidole chake. Akaona kama alikwishafika hapa kabla.

Candida akahesabu foronya zote, akapapasa mishono. Akacheka. Kwa maneno na ishara akaeleza kwamba Desemba atahitaji themanini, akauliza lini zitakuwa tayari.

Sitara alihesabu kwa vidole kwanza.

Mgeni alipoondoka, Haruna akasogeza kiti.

"Ulimwambia nini huyu?"

"Nilimwambia Alhamisi."

"Halafu?"

Sitara alikuwa bado anatazama barabarani.

"Halafu ikaja," akasema.